Gumba la Mjomba

Nitaanza na mate, kwa sababu kila siku yangu ilianza na mate. Naingia ofisini asubuhi, naweka mkoba, nawasha taa, na kabla sijavuta hata kiti naliona: gumba la mjomba, pale kwenye kona ya chini ya kioo cha kuchorea, upande wa kulia, limekauka na kuacha alama nyeupe kama ya konokono. Natoa kitambaa laini, napuliza dawa ya kusafishia, nafuta huku nimegeuza uso. Ndipo nakaa nichore picha za watoto.

Kioo chenyewe ni skrini pana iliyolazwa mezani kwa mshazari na kuungwa na kompyuta. Unachora juu yake moja kwa moja, kwa kalamu isiyo na wino, na mstari unatokea pale pale chini ya ncha. Ni chombo cha kushikwa kwa adabu. Mjomba alikishika kama anavyoshika paja la kuku.

Lakini siwezi kusema hakuwa fundi. Mjomba alikuwa mchoraji wa mabango, wa kweli, wa kupanda ngazi na kopo la rangi. Kuta za maduka, saluni, zahanati, zote alizipita kwa brashi. Na kila alipomaliza bango, alilamba kidole gumba chake cha kulia akakikandamiza kwenye rangi mbichi, kona ya chini. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Mate ni ili rangi isigande kwenye kidole. Ukutani, haya, nakubali. Basi wenye maduka wakahamia mabango ya kuchapwa, mjomba akauza ngazi, akauza pikipiki, akanunua kioo, akakodi vyumba viwili juu ya duka la magodoro, akaniita mimi nije kuchora. Kila kitu alikiacha ukutani isipokuwa lile gumba.

"Mjomba, hiki ni kioo," nilimwambia wiki ya kwanza.

"Kwani mimi kipofu?"

"Sasa mate ya nini? Hakuna rangi hapo."

"Kazi isiyo na gumba haijaisha," akasema, akalamba tena, akabandika tena, mbele ya macho yangu.

Nyumbani kwao, ambako nimelelewa tangu mama yangu alipofariki nikiwa na miaka tisa, wananiita Bibi Kinyaa. Mke wa mjomba akipakua chakula lazima atangaze: "Bibi Kinyaa, njoo ule, mwiko nimeuosha mara mbili!" Wote wanacheka. Nacheka nao, lakini sahani naigeuza naitazama nyuma. Ndivyo nilivyo. Ila hata mtu asiye na kinyaa hata chembe angeshindwa na mjomba. Kalamu ya kuchorea aliitumia kuchokonolea sikio. Si mara moja! Anasikiliza simu, kalamu inazunguka sikioni, anaitoa, anaitazama, anaipangusa kwenye suruali, ananiwekea mezani. Na glavu yangu je? Sisi wachoraji wa kioo tuna glavu ya vidole viwili, inafunika kidole kidogo na cha pete na upande wa kiganja, ili mkono uteleze vizuri. Yangu aliivaa, akaitolea jasho, akapangusia pua. Nilinunua nyingine nikaficha kwenye sidiria. Sisemi uongo.

Kuchora kwa kalamu ile hakuweza. Alijaribu mwezi mzima. Mkono wake ulizoea kuchora kuanzia begani, ukuta mzima ni wake, na sasa umebanwa kwenye kieneo cha sinia. Mistari ilitoka imepinda, akaanza kutukana mashine, mwishowe akaacha, akabaki kutafuta wateja na kubandika gumba.

Na gumba lilileta balaa mapema. Kioo kile, ukitaka, kinafuata vidole pia. Kuna kitufe kidogo nyuma ya ukingo wa kushoto. Ukikibonyeza, kitaa cha kijani kinawaka, na hapo kila kidole kikigusa kioo ni amri. Mwezi wa kwanza kitaa kilikuwa kikiwaka muda wote. Gumba moja tu lenye mate likanivurugia kalenda ya shule niliyoihangaikia siku tatu. Nililia. Tangu siku hiyo nikakizima kile kitufe, nikanyamaza, mjomba akaendelea kubandika na kioo hakisikii. Niliamini hata hajui kuna kitufe.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Programu tunayochorea inatunza kila mstari, tangu wa kwanza. Ukitaka, unairudisha picha mwanzo na kuichezesha: karatasi nyeupe, kisha mstari unatoka wenyewe, mwingine, mwingine, hadi picha inakamilika. Siku moja mjomba alikuwa amekaa kinyonge, mteja kamkimbia, nikamwonyesha ili kumchangamsha tu. Hakucheka. Alisogea karibu.

"Na mkono hauonekani?"

"Hauonekani, mjomba. Mistari tu."

"Ahaa," akasema. Ile "ahaa" ningeijua maana yake, ningeichomoa waya ile kompyuta.

Wiki iliyofuata alikuja mwenye kiwanda cha sabuni kutaka picha ya kwenye boksi. Niliichora usiku. Mteja aliporudi, mjomba akakaa kwenye kiti changu, akavaa glavu yangu, akashika kalamu yangu. Mimi akaniweka nyuma yake penye kibodi. "Huyu msaidizi wangu," akasema. Kisha akakohoa, ndiyo ishara tuliyopatana, nami nikabonyeza. Mstari ukaanza kutoka na mjomba akaufuata kwa kalamu, ncha ikielea juu ya kioo bila kukigusa, uso kaukunja kama mtu anayefikiri. Picha yote aliikariri, mstari kwa mstari. Palipo na mpindo mrefu alishusha na pumzi kabisa.

"Loo, mzee! Mkono huo!" mwenye sabuni akasema.

"Ah, kipaji tu," mjomba akajibu bila haya, akalamba gumba, akapiga muhuri.

Nilikwenda chooni nikatema mate. Nilikuwa naona kinyaa kuliko siku ya sikio. Lakini niseme na hili, maana mnaweza kudhani mimi malaika: nilibonyeza. Nikabonyeza na kwa mteja wa pili, na wa tatu, mwaka mzima karibu uishe. Alikuwa akikohoa tu, kidole changu kinakwenda chenyewe.

Ndipo akaja mhariri.

Mhariri alikuwa mama wa makamo, miwani ameipandisha kichwani, si mtu wa maneno mengi. Kampuni yao ilitaka vitabu kumi na viwili vya watoto wanaoanza kusoma, vyote vichorwe na mkono mmoja. Aliacha hadithi ya kwanza, ya binti na mama yake mshona viatu, akasema tuandae sura ya huyo mama, angerudi Alhamisi.

"Jina la mchoraji litakaa kwenye jalada, chini ya la mwandishi," akasema. "Lakini kwanza nataka kumwona anachora, kwa macho yangu. Nimeshaletewa picha za kuokoteza mitandaoni mara tatu. Nimechoka kufanywa mjinga."

Jina kwenye jalada! Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimechora maboksi, kalenda, kadi, vipeperushi vya dawa ya mende, na hakuna mahali popote duniani palipoandikwa jina langu isipokuwa kwenye kadi ya kliniki. Vitabu kumi na viwili. Mtoto wa mtu angefunua jalada akanisoma.

Nilichora usiku na mchana kichwani kabla sijagusa kalamu, kisha nikakaa nikamtoa yule mshona viatu kwa saa mbili. Alitoka mama yangu. Sikupanga. Kitambaa kimefungwa kwa nyuma, sindano ameibana kwa midomo pembeni, na bado anacheka, mwanya wa mbele unaonekana wote. Hatuna picha yake hata moja anayocheka. Zile zilizopo amekaza uso kama yuko mahakamani. Mjomba akaja kuchungulia. "Huyu dada yangu," akasema, akatoka nje kwenye ngazi akakaa kitambo. Nilimwonea huruma. Akarudi, akalamba gumba, akambandika mama yangu mate begani.

Basi huruma ikakata.

"Mjomba," nikasema, "safari hii jina langu."

"Jina lako liende wapi?"

"Kwenye jalada. Mhariri kasema jina la mchoraji."

"Na mchoraji ni nani?"

Yaani aliuliza kwa dhati kabisa! Nikamwambia, "Mimi."

Akanishika mkono wa kulia, akaugeuza juu chini kama anayekagua muhogo sokoni. "Mkono huu nani kaufundisha? Nani alikupandisha kwenye ngazi, brashi imekuzidi urefu, akaushika mkono wako ndani ya wake mpaka ukajua kwenda? Mama yako alikuacha hujui hata kuchora yai."

"Kwa hiyo mkono ni wako?"

"Mkono ni wa nyumbani," akasema. "Alhamisi kaa penye kibodi." Akapiga chafya, akajipangusa kwa glavu yangu. Nilitaka kutapika, na sikujua kama ni kwa ile glavu au kwa kuwa nusu ya aliyoyasema ilikuwa kweli.

Siku tatu zile mjomba alifanya mazoezi kama anayejiandaa kuoa. Mimi nikachezesha, yeye akafuata, nikachezesha, akafuata. Mama yangu alizaliwa na kuisha mara ishirini kwa siku chini ya kalamu yenye nta ya sikio. Kila mwisho, gumba. Kwenye kona ile ile ya chini, ambapo programu inaweka mstari wa kuchezeshea picha, ukiusukuma nyuma picha inarudi nyuma, ukiusukuma mbele inakwenda mbele. Nililitazama lile gumba linavyotua pale na kuteleza kushoto, mara ishirini kwa siku, na wazo likaniingia. Sikulitafuta. Lakini lilipoingia sikulifukuza.

Alhamisi mjomba alikuja na shati la mistari, amenyoa, ananuka manukato ya mkewe. Akala mayai mawili ya kuchemsha juu ya meza ya kazi, ganda huku, chumvi kule, vidole vinang'aa. Nikamwambia, "Inuka kidogo, mjomba, nifute kioo, mgeni asione aibu."

"Bibi Kinyaa," akacheka, akainuka.

Nikapuliza dawa. Nikafuta juu, nikafuta chini, nikafuta ukingo wa kushoto, na kidole changu cha kati kikapita nyuma ya ukingo kikabonyeza. Kitaa cha kijani kikawaka, kidogo tu. Nikakunja kitambaa, nikakaa penye kibodi. Uso niliukausha.

Mhariri akaingia, tukasalimiana, akakataa chai, akavuta kiti ubavuni mwa mjomba.

"Haya mzee, tuone."

Mjomba akavaa glavu, akashika kalamu, akakohoa. Nikabonyeza.

Mstari wa shavu ukatoka. Nikangoja kiganja chake kitue kwenye kioo kiharibu kila kitu. Hakikuharibu kitu. Glavu! Kitambaa cha glavu kinaizuia ngozi, kioo hakikusikia chochote, na nilikuwa nimeisahau glavu yangu mwenyewe. Kidevu kikatoka, kitambaa cha kichwa kikatoka, jicho, jicho la pili. Mjomba alicheza kuliko siku zote. Mhariri alishusha miwani machoni akainama mbele, na nikaona kabisa amekwisha mwamini. Mwanya ukatoka, sindano ikatoka.

"Mungu wangu," mhariri akasema polepole. "Huyu mama yu hai."

"Ni dada yangu," mjomba akasema, na kwa kweli haikuwa maigizo. Nilitamani wakati ule niunyooshe mkono nizime kile kitufe. Ilikuwa hatua mbili. Sikuinuka.

Mjomba akamgeukia mhariri akitabasamu, akahamishia kalamu mkono wa kushoto, akapeleka gumba mdomoni, akalilamba, gumba la mayai na chumvi, akalibandika.

Hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama mgeni. Gumba likatua juu ya ule mstari wa kuchezeshea, likateleza kushoto kama kawaida yake, na mama yangu akaanza kufutika. Sindano ikaondoka. Mwanya ukazibwa. Jicho moja likapotea, la pili likapotea, kitambaa kikafunguka, ukabaki mstari mmoja wa shavu kwenye weupe. Mjomba bado anatabasamu. Mhariri alikuwa ameacha kutabasamu, ndipo mjomba akashusha macho.

"Eh!" Akasugua gumba kulia ili azuie. Mama akarudi mzima mbio mbio, mwanya nje. Akashtuka, akasugua kushoto. Mama akaondoka tena. Mate yamesambaa kwenye kioo, mama yangu anatokea na kupotea ndani ya mate, anacheka, hayupo, anacheka, hayupo, na kalamu iko mkono mwingine hewani haifanyi kitu. Nilichokitaka ndicho hicho nilikuwa nakipata. Nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Mzee," mhariri akasema. "Hapa anachora nani?"

Mjomba aliinua mkono. Aligeuza shingo taratibu, si kwangu, kwenye ukingo wa kushoto wa kioo, penye kile kitaa cha kijani. Akakitazama. Kisha akanitazama mimi.

Nilingoja anitukane. Alikuwa na haki, na mdomo anao. Angeweza kusema mashine mbovu, angeweza kusema msaidizi kaharibu. Maneno hayo mjomba hakosi.

"Anachora mpwa wangu," akasema. "Mimi nilikuwa namtunzia kiti tu."

Mhariri hakucheka. Akanigeukia na miwani yake. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo nyuma unabonyeza?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," akasema. Aliniangalia vile mimi ninavyoiangalia ile kona kila asubuhi. Nilijua jicho lile, ni langu. Kisha akaangalia saa. "Acha uongo, uchore. Nakupa nusu saa."

Mjomba akainuka. Akavua glavu, akaigeuza ndani nje, akaona ilivyo, akaitia mfukoni mwake. Akachukua kitambaa changu laini, akapuliza dawa, si nyingi, akafuta kioo kuanzia juu kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka, kama alivyokuwa akiandaa ukuta zamani. Akafuta kona ya chini mara mbili. Akafuta kalamu, ncha na shingo. Na alipofika ukingo wa kushoto, bila hata kuchungulia, kidole chake kikakwenda nyuma moja kwa moja hadi penye kitufe, kikabonyeza. Kitaa kikazimika.

Alikuwa anakijua. Siku zote alikuwa anakijua. Muda wote ule alibandika gumba akijua nimezima, akijua kioo hakisikii, na akaniachia hivyo.

"Kaa, mama," akaniambia, akanivutia kiti.

Nikatoa glavu mpya sidiriani mbele ya mhariri, sikuona haya wala nini, nikachora. Kutoka chumba cha pili nikasikia bomba linafunguliwa, maji yanamwagika kwenye sinki, sabuni inasuguliwa. Nimemwomba mjomba anawe mikono kwa sabuni tangu nina miaka tisa. Bomba lile halikufungwa nusu saa nzima.

Nilipomaliza mwanya, mhariri akavuta pumzi. Alitoa karatasi za mkataba kwenye mkoba wake, akafungua kalamu ya wino. "Jina la mchoraji niandike nani?"

Nikamtajia majina yangu, yote mawili. Akayaandika. Aliponyanyuka kuondoka, bomba bado linatiririka.

Nikachukua kitambaa kwa mazoea, nikainamia kona ya chini, kulia. Palikuwa pasafi, panang'aa. Na kinyaa kilikuwa kimenijaa mpaka kooni, nimekishika kitambaa mkononi, sina pa kufuta.